Alitawazwa na Nani?

Mwaka 2021 Samia Suluhu Hassan alipokea mamlaka mara mbili, na mara zote mbili nchi nzima ilishuhudia. Tarehe 19 Machi, Ikulu ya Dar es Salaam, siku mbili baada ya taifa kutangaziwa kifo cha Rais John Magufuli, aliapishwa na Jaji Mkuu Ibrahim Juma kuwa Rais wa sita wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Tarehe 8 Septemba, Kisesa wilayani Magu, mkoani Mwanza, machifu walimsimika kuwa chifu wao mkuu na kumpa jina la Hangaya.

Mtu ni yule yule, lakini mtoaji si yule yule. Mwezi wa Machi iliyotoa ni Katiba, ambayo katika ibara ya 37 inaeleza kwamba Rais akifariki Makamu wake ataapishwa kushika nafasi hiyo kwa muda uliobaki. Septemba walitoa machifu, na walichotoa ni heshima ya mila, si dola, kwa kuwa sheria ya mwaka 1963 iliyafuta mamlaka ya machifu Tanganyika. Kiswahili kikayatenga matukio hayo kwa vitenzi viwili: aliapishwa, kisha akasimikwa. Wapo walioandika kwamba huko Kisesa alitawazwa, nao hawakukosea sana, maana kusimika na kutawaza ni jirani wa ukuta mmoja. Ila aliyesema kwamba Jaji Mkuu alimtawaza angekuwa ameandika habari nyingine kabisa.

Makala hii inahusu kitenzi hicho, kutawaza. Tunakitumia kila siku, kwa wafalme, kwa wagombea, kwa mabingwa wa soka, na kwa kukitumia ovyo tumesahau swali ambalo kitenzi chenyewe kinalibeba. Kila anayetawazwa ametawazwa na mtu. Ni nani huyo?

Kutawala na kutawaza

Masikio yanaweza kudhani kwamba kutawala na kutawaza ni ndugu wa tumbo moja. Si lazima iwe hivyo. Kutawala kunatokana na mzizi wa Kiarabu uliotupa pia wali, liwali na wilaya: ni kushika usimamizi wa jambo au mahali. Kutawaza kunatembea na taji, neno la Kiajemi lililopita Kiarabuni kabla ya kufika kwetu, na Waarabu wana kitenzi chao, tawwaja, chenye maana ya kuvisha taji.

Tofauti kubwa iko katika matumizi. Kutawala hufanya mtu mwenyewe. Mfalme anatawala, mkoloni alitawala, hata mnyang'anyi anaweza kutawala akiwa na bunduki za kutosha. Kutawaza hufanyiwa. Hakuna mfalme anayeanza kwa kutawaza. Anaanza kwa kutawazwa, ndipo atawale. Mtu akijifanyia mwenyewe, lugha inambana papo hapo kwa kiambishi kimoja: amejitawaza. Nani aliwahi kulisikia neno hilo likitajwa kwa sifa? Likitamkwa, kila msikilizaji anajua kwamba mtu huyo amechukua kisicho chake.

Kando ya kutawaza kuna vitenzi vingine vya kukabidhi mamlaka, na kila kimoja kina kazi yake. Kusimika ni kufanya kitu kisimame imara; twasimika nguzo, twasimika mlingoti, na kwa maana hiyo hiyo chifu husimikwa katikati ya watu wake na askofu husimikwa katika jimbo lake. Kuapisha ni kumfunga mtu kwa maneno ya kinywa chake: anayeapa anaahidi, na asipotimiza ahadi kipo cha kumshtakia. Kuteua ni kuchagua kutoka juu kwenda chini, kama Rais anavyomteua mkuu wa mkoa. Kuvika ni kumvalisha mtu alama ya cheo.

Kutawaza kuna kitu ambacho hivyo vingine havina, nacho ni enzi. Enzi imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nguvu na utukufu, na sisi tumelithamini kiasi cha kumwita Mola Mwenyezi, yaani mwenye enzi. Anayeapishwa anapokea kazi. Anayetawazwa anapokea enzi, kitu kinachodaiwa kubaki naye hadi kaburini. Kwa hiyo kila jamii iliyokuwa na wafalme ilikuwa makini mno kuhusu nani ana haki ya kukitoa.

Pwani kabla ya mataji

Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Baghdad aliyefika katika visiwa vyetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika jambo ambalo lingefaa kufundishwa katika kila shule ya Afrika Mashariki. Anasema mfalme wa watu wa pwani hii, ambao Waarabu waliwaita Zanji, alichaguliwa ili awahukumu kwa haki. Akidhulumu na kuiacha njia ya haki, walimuua na kukizuia kizazi chake kisikalie kiti tena. Cheo chake amekiandika kwa herufi za Kiarabu kwa namna ambayo wataalamu wengi wanaisoma kuwa ni "wafalme". Kama ndivyo, neno letu la ufalme lilipoingia katika maandishi kwa mara ya kwanza, liliingia pamoja na habari ya watu wenye uwezo wa kutoa enzi na kuitwaa.

Kiswahili kina kitenzi cha kutwaa huko: kuuzulu. Sultani aliuzuliwa, liwali aliuzuliwa. Leo kitenzi hicho kimebaki kwa wingi katika umbo la kujitenda tu, waziri amejiuzulu. Tumebaki na anayeondoka kwa hiari yake, na tumekaribia kumsahau anayeondolewa na waliompa.

Pwani haikuwa na desturi kubwa ya mataji. Enzi ilionekana kwa vitu vingine. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitembea kutoka msikitini chini ya kitambaa cha hariri kilichoinuliwa juu ya miti, huku ngoma na tarumbeta zikimtangulia. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mfalme wa mji alikwenda kuonana naye chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, ameketi juu ya viti vya shaba vyenye mito. Mwandishi wa safari ile ya Wareno alishangazwa zaidi na pembe mbili za ndovu zenye urefu wa mtu mzima, zilizochongwa kwa ustadi na kupulizwa kupitia tundu la ubavuni.

Hizo ndizo siwa. Mbili mashuhuri zimehifadhiwa Lamu: siwa ya Pate, ya pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu, ya shaba iliyomiminwa. Ukizitazama kwa karibu unaona kwamba kila moja imeundwa kwa vipande vitatu vilivyounganishwa, na kwamba tundu la kupulizia liko pembeni, jinsi yule Mreno alivyoeleza. Siwa haikuvaliwa wala haikukaliwa. Ilikuwa mali ya mji, na ililia katika mambo makubwa ya mji na katika harusi za waungwana. Mtawala mpya hakuja na siwa yake. Aliikuta, ikapulizwa kwa ajili yake, na alipokufa aliiacha. Unguja nako, siwa na ngoma za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa kisiwa aliyekaa Dunga, ndizo zilizokuwa ushahidi wa enzi yake, na zilidumu kuliko yeye: Mwinyi Mkuu wa mwisho mwenye nguvu alifariki mwaka 1865, mwanawe naye mwaka 1873, vitu vile vikaishia katika makumbusho.

Upande wa Mrima, kuanzia Tanga hadi Kilwa, majumbe na madiwani walijulikana kwa kilemba. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliandika kwamba diwani alivaa kilemba na viatu vya mti, na kwamba yeye ndiye aliyeruhusiwa kukaa juu ya kiti na juu ya mkeka mzuri uliotiwa rangi. Mtu wa kawaida aliyethubutu kufanya hivyo alitozwa mbuzi au ng'ombe. Kilemba kilikuwa na gharama. Aliyetaka ujumbe alitoa mali, akawalisha watu, akawaheshimu wazee waliomtangulia. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake kuhusu desturi za Waswahili kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, ndiye shahidi wetu bora wa mambo hayo kwa lugha yetu wenyewe.

Ndiyo maana neno kilemba lina maana nyingi hadi leo. Mwanafunzi wa ufundi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba. Muoaji hutoa kilemba katika mahari. Anayepanga fremu ya duka Kariakoo huulizwa kilemba kabla ya kodi. Katika hali zote hizo unamlipa mwenye haki ya kukuruhusu kuingia. Na kwa mtu aliyepewa sifa isiyo na kitu ndani yake, wahenga walituachia usemi: amevishwa kilemba cha ukoka. Ni majani juu ya kichwa, na jua likiwaka yanakauka.

Taji lililokuwa la mtu mwingine

Mwezi wa Julai 1505 meli za Kireno chini ya Francisco de Almeida ziliingia Kilwa. Amir Ibrahim aliyekuwa akitawala alikimbia, mji ukaporwa. Almeida alihitaji mtu wa kukaa pale na kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, akamchukua mmoja wa wakubwa wa mji, Muhammad Ankoni, akamvika taji la dhahabu mbele ya watu. Taji lenyewe halikutengenezwa kwa ajili ya Kilwa. Lilikuwa limebebwa kutoka Ureno kwa ajili ya mfalme wa Cochin, India.

Soma tena habari hiyo ukiwa na swali letu mkononi. Nani alimtawaza Muhammad Ankoni? Alitawazwa na nahodha mgeni, kwa taji la mtu mwingine, katika mji ambao haukuwa umempa yeye wala huyo nahodha chochote. Haukupita muda akauawa. Mji ukagawanyika kwa fitina za warithi, biashara ikahama, na mwaka 1512 Wareno wenyewe wakaiacha Kilwa. Dhahabu ile ilikuwa ya kweli, lakini kilemba kilikuwa cha ukoka.

Karibu miaka 400 baadaye jambo la aina hiyo lilitokea Unguja. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Kabla jua halijatua, binamu yake Khalid bin Barghash alikuwa ameingia katika jumba la kifalme na kujitangaza sultani. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna atakayekalia kiti bila ridhaa yao. Walimpa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera. Hakushusha. Meli zilizokuwa zimejipanga mbele ya Forodhani zikafyatua mizinga kwa dakika kama 40. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Yeye alikimbilia ubalozi wa Wajerumani na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Siku hiyo hiyo Hamoud bin Mohammed akawekwa kuwa sultani.

Vitabu vingi vinasema kwa kifupi kwamba "Hamoud alitawazwa tarehe 27 Agosti 1896." Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na inaficha jambo zima. Kitenzi kikiwa katika hali ya kutendwa kinamruhusu mwandishi kuacha jina la mtenda. Ongeza maneno machache tu, "alitawazwa na Waingereza, moshi wa mizinga yao ukiwa bado hewani," na msomaji anaelewa kwa nini masultani waliofuata hawakuwa na uwezo wa kukataa neno la balozi. Anaelewa pia kwa nini enzi hiyo, iliyokwisha kumfikia Jamshid bin Abdullah mwaka 1963, haikuweza kusimama ilipoachwa peke yake. Uhuru ulipatikana Desemba 10 mwaka huo, na Januari 12, 1964 Jamshid alikuwa baharini akikimbia mapinduzi.

Waliokataa kutawaziwa

Wakoloni waliujua vizuri uzito wa kitenzi hiki, na kote walikokwenda walitaka kukishika wao. Mara nyingine walifaulu. Nchini Rwanda, mwezi wa Novemba 1931, Wabelgiji walimwondoa Mwami Yuhi Musinga na baada ya siku chache wakamtangaza mwanawe, Mutara Rudahigwa. Kazi hiyo kwa mila ilikuwa ya abiru, wazee watunza siri za ufalme, ambao kwa kinywa chao tu jina la mwami mpya liliweza kutangazwa. Katika Kinyarwanda, ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Neno moja linabeba yote mawili. Mwaka 1931 gavana alitoa ufalme bila wenye ngoma.

Miaka 28 baadaye abiru walijibu. Rudahigwa alifariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959, bila kuacha mtoto. Siku ya maziko yake kule Mwima, karibu na Nyanza, gavana Jean-Paul Harroy akiwa amesimama pale pale, abiru walitangaza kwamba mfalme hazikwi kabla mrithi wake hajajulikana, wakamtaja: Kigeli Ndahindurwa. Gavana hakuwa ametarajia. Mbele ya umati ule alilazimika kukubali. Kigeli hakudumu kitini, maana upepo wa siasa za Rwanda ulikuwa umekwisha kubadilika, na alifia uhamishoni Marekani mwaka 2016. Hata hivyo, siku ile kaburini, mbele ya dola ya kikoloni, walitawaza wale ambao mila iliwapa kazi hiyo.

Buganda nako walifundisha somo lilelile kwa njia nyingine. Tarehe 30 Novemba 1953 gavana Andrew Cohen alimkamata Kabaka Mutesa II na kumpeleka Uingereza. Kisha akawataka Waganda wachague Kabaka mwingine. Walikataa. Gavana alikuwa na jeshi, ndege na sheria, na vyote hivyo vilimwezesha kumwondoa mtu. Havikumwezesha kumpata mwingine, kwa sababu wenye kutoa walifunga mikono. Oktoba 1955 Mutesa alirudi Mengo akapokewa kwa shangwe.

Baadaye serikali ya Milton Obote ililivamia jumba lake mwaka 1966 na kuzifuta falme zote za Uganda mwaka uliofuata. Mutesa akafia London mwaka 1969. Mwanawe, Ronald Muwenda Mutebi, alitawazwa tarehe 31 Julai 1993 pale Naggalabi, Buddo, mahali ambapo Makabaka hutawazwa kwa desturi ya tangu kale. Alivishwa gome la mti na ngozi ya chui, na ngoma za ufalme zikapigwa. Waganda husema okutikkira, kumtwisha mtu kichwani. Neno hilo hilo hulitumia kwa mhitimu wa chuo kikuu siku ya kuvaa joho, kwa kuwa naye amebebeshwa kitu na wale waliomtangulia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 246, imeliweka wazi: mtawala wa jadi atakuwapo kulingana na mila, desturi na matakwa ya watu wanaohusika, na hatajiingiza katika siasa za vyama. Hapo mtoaji ametajwa kwa maandishi.

Tanganyika ina mfano wake. Wachagga walimpigia kura Thomas Marealle, na mwaka 1952 akatawazwa kuwa Mangi Mkuu, cheo kilichowekwa juu ya umangi wa nchi ndogo ndogo za Kilimanjaro. Mwaka 1960 Wachagga waliulizwa tena, na wakakataa kuendelea kuwa na Mangi Mkuu. Waliompa ndio waliomwondolea, na hakuna risasi iliyopigwa.

Malkia juu ya mti

Wako wanaodhani kwamba kutawazwa ndiko kunakomfanya mtu kuwa mfalme. Mfano bora wa kuwasahihisha ulitokea Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, binti mfalme Elizabeth alilala Treetops, nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, akitazama tembo na vifaru wakija kunywa maji. Usiku huo baba yake, Mfalme George VI, alifariki Uingereza. Alipanda mtini akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia, na yeye mwenyewe hakujua mpaka alipoambiwa baadaye siku hiyo akiwa Sagana. Hakukuwa na taji, askofu wala tarumbeta. Sheria ya urithi ilitosha.

Kutawazwa kwake kulifanyika tarehe 2 Juni 1953, karibu miezi 16 baadaye, katika kanisa la Westminster Abbey. Askofu Mkuu wa Canterbury alimpaka mafuta chini ya kitambaa kilichowaziba watazamaji, kisha akamvika taji. Baba yake mkubwa, Edward VIII, alikuwa mfalme kuanzia Januari hadi Desemba 1936 akaachia kiti bila kutawazwa kamwe. Kwa hiyo tunaposimulia habari za Uingereza tunahitaji vitenzi viwili: Elizabeth alirithi ufalme mwaka 1952, na alitawazwa mwaka 1953. Mwandishi anayesema kwamba alitawazwa Kenya amekosea tarehe, mahali na kitenzi. Vivyo hivyo Charles III amekuwa mfalme tangu Septemba 8, 2022. Kilichofanyika Mei 6, 2023 ni kutawazwa.

Oman, ambayo damu na lugha yake zimechanganyika na zetu kwa karne nyingi, ilionyesha utaratibu mwingine. Sultani Qaboos alipofariki Januari 2020 bila mtoto, familia ya kifalme iliamua kuifungua barua aliyoiacha, ndani yake mkiwa na jina la Haitham bin Tariq. Haitham aliapa, akakalia kiti. Taji halikuwapo, lakini waliotoa wanajulikana.

Kinyume cha haya yote ni Bangui, Desemba 4, 1977. Jean-Bédel Bokassa, rais wa Jamhuri ya Afrika ya Kati aliyeingia kwa mapinduzi, na ambaye alikuwa amekwisha kujitangaza mfalme mkuu, alijivika taji kwa mikono yake mwenyewe, akimwiga Napoleon wa Ufaransa wa mwaka 1804. Sherehe iligharimu takriban dola milioni 20 katika nchi ambayo watu wake walikuwa miongoni mwa maskini zaidi duniani. Chini ya miaka miwili baadaye, Septemba 1979, askari wa Ufaransa walitua Bangui na utawala wake ukaisha, naye akiwa safarini Libya. Kwa Kiswahili habari yake yote inakaa ndani ya neno moja tulilokwisha kuliona: alijitawaza.

Tunavyoandika leo

Nirudi kwenye magazeti yetu. Timu ikimaliza ligi kileleni tunaandika kwamba imetawazwa bingwa. Sina ugomvi na matumizi hayo. Lugha ina haki ya kukuza maneno yake, na kila shabiki anajua kwamba zilizomtawaza bingwa ni pointi alizozipata uwanjani.

Ninachokikataa ni kingine. Mkutano mkuu wa chama unampitisha mgombea, nasi tunaandika kwamba ametawazwa. Rais anakula kiapo uwanjani mbele ya wananchi, na baadhi yetu tunasema ametawazwa. Maneno haya hayaishii kwenye karatasi. Mgombea aliyepitishwa ameombwa akaombe kura. Aliyetawazwa hana sababu ya kuomba. Rais aliyeapishwa ametoa ahadi ya kuilinda Katiba, ana muda uliowekwa, na ana watu wa kumuuliza. Aliyetawazwa ana enzi, na enzi haihesabiwi kwa miaka mitano. Tukimzoesha kiongozi kusikia kwamba alitawazwa, tusishangae siku akikataa kuondoka. Vyombo vya habari vilishiriki kumfundisha.

Walimu wa historia nao wana sehemu yao. Maswali ya mtihani hupenda tarehe: fulani alitawazwa lini? Tarehe ni muhimu, lakini mwanafunzi anayejua kwamba Muhammad Ankoni alitawazwa mwaka 1505 na hajui kwamba alitawazwa na Almeida hajaelewa Kilwa. Anayejua mwaka wa Hamoud na hajui kuhusu mizinga ya Waingereza hajaelewa Zanzibar. Anayejua kwamba Rudahigwa alikuwa mwami na hajui nani alimtangaza hajaelewa Rwanda, na Rwanda ni nchi ambayo sote tunahitaji kuielewa.

Kwa wahariri, waandishi na walimu wenzangu nina ombi moja. Rais ameapishwa. Mgombea ameteuliwa au amepitishwa. Askofu na chifu wamesimikwa. Mfalme ametawazwa. Na kila mnapoandika kitenzi hicho cha mwisho, msiweke nukta kabla ya kumtaja aliyetawaza. Mkikosa jina lake, rudini mkalitafute, maana habari yenyewe iko hapo.